Siku Tisa na Mstahiki

Mjomba wangu alikuwa meya wa manispaa moja ndogo, mbali na huku kwetu, kwa miaka mitano. Mji ule siutaji, na jimbo ambalo alikuja kuomba chama chake kimteue kugombea ubunge silitaji pia, kwa sababu watu wote wa habari hii wako hai na bado tunasalimiana. Haya yametoka kwenye kurasa za nyuma za daftari la hesabu za duka langu, nilikokuwa naandika kila usiku kabla ya kulala.

Jumatatu, 13 Julai 2020. Dodoma

Basi limemshusha alfajiri, na upepo wa Julai unajulikana kwa wakazi wa Dodoma: unakata masikio. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu, umekonda." Begi moja na bahasha ya kaki. Mkutano mkuu wa chama umemalizika juzi tu hapa mjini, gesti zimejaa, kwa hiyo tumempeleka moja kwa moja nyumbani, akaoga, akanywa chai, akasema twende dukani.

Baraza lake la madiwani lilivunjwa mwezi uliopita. Joho na mkufu amekabidhi ofisini. Amenionyesha nakala ya hati ya makabidhiano, ameikunja vizuri ndani ya bahasha. Wengi tunamwona meya siku ya baraza amevaa mkufu ule shingoni tukadhani ni mali yake. Ni mali ya halmashauri, kama vile viti na meza.

Duka langu la steshenari liko Majengo. Wiki hii nafanya biashara ambayo sijawahi kuifanya: kila anayeingia anataka pasipoti saizi, kopi za vyeti na wasifu. Ni watia nia, wanaotaka chama kiwateue kugombea ubunge. Fomu zinatoka kesho. Nimefunga mlango saa tatu usiku nikakaa na mjomba kwenye kompyuta kuandika wasifu wake.

Kazaliwa 1960, kwenye tembe, nyumba ya udongo ya babu. Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, familia ikahamishiwa kijiji kipya. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na anakumbuka babu akirudi kila siku kwa miguu kwenda kuangalia ng'ombe zizi la zamani. Akasoma, akaajiriwa bwana afya katika mji ule wa mbali, akazoea huko, akaoa huko. Mwaka 1997 kipindupindu kikapita. Hapo mjomba alinyamaza kidogo, akasema niandike tu "alishiriki kudhibiti mlipuko". Nilimwuliza alishiriki vipi. Akasema alitembea na pampu ya klorini mgongoni nyumba kwa nyumba wiki saba, na alipochora ramani ya wagonjwa kwenye karatasi ya mraba aliona wamekaa kwenye mstari mmoja: mitaa iliyo chini ya soko, isiyo na mtaro. "Tangu siku ile nilikuwa na jambo moja tu kichwani." Mwaka 2010 akaacha kazi ya serikali, akagombea udiwani, akashinda. 2015 akashinda tena, na madiwani wenzake wakampa umeya.

Tukafika kwenye mafanikio. Nikaandika: Nilijenga mtaro wa soko. Akasema futa, andika halmashauri ilijenga.

Tulibishana karibu nusu saa. Nilimwambia wenzako wote wanaandika nilijenga, na najua, kwa sababu mimi ndiye ninayewachapia. Akanieleza taratibu, kama alivyokuwa akinifundisha saa nilipokuwa mdogo. Meya hashiki fedha. Anayeidhinisha malipo ni mkurugenzi, ndiye afisa masuhuli, na mkurugenzi anateuliwa na Rais. Meya anaongoza kikao cha baraza na Kamati ya Fedha. Anaweza kusukuma jambo liingie kwenye bajeti, anaweza kuuliza kwa nini halijatekelezwa, anaweza kuuliza tena. Kuuliza huko ndiyo kazi yenyewe. Na theluthi mbili ya madiwani wakimchoka, wanamwondoa kabla muda haujaisha. "Sasa mtu wa namna hiyo anaandikaje nilijenga?"

Nimeandika halmashauri ilijenga. Nimelala nikiwa na hasira.

Jumanne, 14 Julai

Tumeondoka saa kumi na mbili asubuhi na Noah ya kuazima. Anayeendesha ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Barabara ya Singida, mibuyu yote imepukutisha majani, vumbi la njano. Bahi tulisimama kununua mchele wa mbuga ile, mjomba akisema hawezi kufika kwa dada yake mkubwa mikono mitupu. Baadaye tukaacha lami.

Ofisini wilayani kulikuwa na foleni tangu kabla hatujafika. Nimehesabu watu ishirini na sita kabla ya saa sita mchana: mwalimu mstaafu, mwanasheria, vijana wawili wenye suti mpya, mfanyabiashara wa alizeti, mama mmoja nesi. Tunasikia Dar es Salaam kuna majimbo ambako idadi inakwenda kupita mia. Mjomba alichukua yake, akasaini daftari, akatoka. Hakuna ngoma wala msafara, chama kimekataza. Kijana mmoja getini akamwita Mheshimiwa. Mjomba akageuka upesi. Bado sikio lake limezoea. Kumbe aliitwa mwingine.

Jumatano, 15 Julai. Kijijini

Hii ndiyo siku ninayotaka kuikumbuka yote.

Tulifika wakati watoto wanarudisha mbuzi kutoka kunywa maji. Dada wawili wa mjomba walikuwa wamekaa kivulini wanachambua mlenda. "Mbukwa!" Mjomba akaitikia Mbukwa, kisha Kigogo kikamtoka chote, kile cha kizamani, chenye maneno ambayo mimi niliyezaliwa mjini nasikia kwa tabu. Tulikwenda makaburini kwanza. Babu, bibi, kaka yake aliyefariki 2014, ambaye hakuja kumzika kwa sababu siku ile ilikuwa ya kikao cha bajeti. Alisimama pale muda mrefu. Sikumwuliza kitu.

Mchana tulikaa chini ya mkwaju. Mwenyekiti wa kijiji alikuja akakaa pembeni, akasema kwa heshima, "Mzee, karibu nyumbani, ila tusije tukaambiwa tumefanya mkutano." Mjomba akasema hakuja na mkutano, amekuja kusalimia ndugu. Watu wakaja hata hivyo, mmoja mmoja. Wakawa kama thelathini.

Mwanamke mmoja wa makamo, amejifunga kanga kiunoni, ndoo tupu mkononi, ndiye aliyesema.

"Wewe ni mtoto wa hapa, tunakubali. Ulikuwa wapi?"

"Kazini, dada."

"Kazini miaka yote hiyo. Na huko kazini umewafanyia nini?"

Akamwambia kuhusu mtaro wa soko. Akamwambia kuhusu ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri ambayo kisheria inakwenda kwenye mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, kwamba mwaka wa kwanza fedha zilikuwa hazitengwi zote, na yeye kila kikao aliomba taarifa ya vikundi vilivyopewa, kwa majina, mpaka zikatengwa. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri," akasema. "Wao wamefaidi. Sisi pampu yetu imekufa tangu mwezi wa tatu."

Sikuona ubaya kwenye sauti yake. Alikuwa anaeleza tu. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo lilikuwa linanisumbua tangu dukani. Mtaro ule, hata kama angeandika nilijenga kwa wino wa dhahabu, umebaki kule. Hauwezi kupandishwa kwenye basi. Hapa alikuwa mtu mwenye bahasha ya kaki, mtoto wa mzee fulani.

Nilitegemea aahidi. Mtia nia yeyote angeahidi, na pengine ningefurahi. Yeye akaanza kuuliza maswali. Kisima kilichimbwa lini, na nani? Kina jumuiya ya watumia maji? Nani mwenyekiti, nani mtunza hazina, fedha za ndoo ziko wapi? Mara ya mwisho jumuiya ilikaa lini, na muhtasari wa kikao uko wapi? Mama mmoja mzee akatoa simu ndogo, akasema fedha ziko humu, laki moja na elfu arobaini. Muhtasari haukuwepo. Mjomba akasema, basi tatizo la kwanza ni hilo. Maji ya vijijini tangu mwaka jana yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, wana ofisi wilayani. Mtu akienda na maneno anarudi na maneno, lakini barua yenye muhtasari, majina, sahihi na salio la fedha ikigongwa muhuri wa kupokelewa, lazima mtu aijibu. Kaeni, andikeni. Akasimama, akaomba kuonyeshwa kisima, akapiga magoti akachungulia kama bwana afya aliyekwenda kukagua choo cha shule.

Usiku tumekula ugali wa uwele na mlenda kwa dada yake mkubwa. Mjomba alikula sana. Sijamwona akila hivyo siku nyingi.

Alhamisi, 16 Julai

Pancha mbili. Tumelala wilayani, gesti ya vyumba sita.

Ijumaa, 17 Julai

Amerudisha fomu saa tano. Mwisho wa zoezi. Watia nia thelathini na wanne.

Jumamosi, 18 Julai. Gesti

Hakuna la kufanya ila kungoja. Binamu yangu alikaa na baba yake barazani, simu mkononi, akaanza kumsimulia habari za Pete Buttigieg, meya wa South Bend kule Indiana, Marekani. Alichaguliwa meya akiwa na miaka 29, akaongoza kuanzia 2012 hadi mwanzo wa mwaka huu, akajitosa kugombea urais wa nchi nzima. Februari alipata wajumbe wengi kidogo kuliko wenzake Iowa, na Machi mosi akajitoa.

"Mji wake una watu wangapi?"

"Kama laki moja, Baba."

Mjomba alitikisa kichwa akakaa kimya. Halafu akauliza swali ambalo ni lake tu: "Nani alimchagua umeya?" Binamu akasema wananchi, kwa kura zao. "Basi ndiyo maana. Yule akisema watu wangu wananijua, ni kweli, walimpigia kura wao. Mimi wananchi walinichagua diwani wa kata moja. Umeya nilipewa na madiwani ndani ya ukumbi. Mji mzima haujawahi kuandika jina langu kwenye karatasi."

Nikamwambia wapo waliopanda hapa kwetu. Adam Kimbisa alikuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam, akaenda Bunge la Afrika Mashariki. Akasema ndiyo, na kule pia wanaochagua ni wabunge ndani ya ukumbi. Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anapanga mambo kichwani mwake, kama anavyopanga karatasi.

Saa mbili usiku simu ikaita. Mtu hakujitambulisha. Mjomba aliweka spika kwa sababu sikio la kulia halisikii vizuri, kwa hiyo sote tulisikia.

"Mzee, wenzako wameshapita. Wewe unapita lini?"

"Nimepita, nimesalimia."

"Salamu haziliki, mzee."

Akakata. Tulikaa gizani, umeme ulikuwa umekatika. Nitaandika ukweli: nilitaka alipe. Nilijua anacho kiinua mgongo cha udiwani, na nilijua mkewe anataka fedha ile iezeke nyumba. Nilipiga hesabu kimyakimya, wajumbe wangapi wa chama wanaopiga kura mara shilingi ngapi, nikamwambia. Akaniambia zamani jambo hili liliitwa takrima, na liliruhusiwa na sheria, mpaka Mahakama Kuu ilipolifuta mwaka 2006. "Mwanangu, mimi nimekaa kwenye kamati miaka mitano nikiuliza fedha za watu zimekwenda wapi. Nikianza na hili, nitauliza tena kwa mdomo gani?" Nikaingia ndani nikalia, si kwa sababu alinikemea. Nililia kwa sababu nilijua atashindwa, na nilijua yuko sahihi, na mambo hayo mawili hayakutaka kukaa pamoja kifuani mwangu.

Jumapili, 19 Julai

Kanisani asubuhi. Mchana amelala. Jioni ameandika maneno yake ya kesho kwenye karatasi ya nusu ukurasa, akayafuta mengi.

Jumatatu, 20 Julai. Siku ya kura

Ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Sisi tusio wajumbe tulikaa nje chini ya mwarobaini, spika mbili zikitutolea sauti. Kila mtia nia dakika tatu. Kuna aliyeimba, kuna aliyepiga magoti, kuna aliyetaja digrii tatu. Mama nesi alizungumza vizuri kuliko wote, nasema hivyo ingawa si ndugu yangu.

Jina la mjomba liliitwa la kumi na tisa. Alisalimia kwa Kigogo, akasema yeye ni mtoto wa nani. Akasema amekuwa bwana afya, diwani na meya. "Kule tulijenga mtaro na watoto wakaacha kufa kwa kuhara. Najua barua ya kijiji inakwama kwenye meza ipi. Bungeni nataka kwenda kuuliza." Dakika moja ikabaki hajaitumia. Akashukuru, akakaa.

Kura zilihesabiwa hadharani, karatasi moja moja, jina kwa jina. Safari hii hakuna chumba cha siri, na hilo nalisifu. Mtu anasikia jina la mwenzake likirudiwa mpaka anaweza kulitamka usingizini. La mjomba lilitajwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana. Binamu akanishika mkono. Likatajwa tena. Mwisho zilikuwa kura tisa.

Majina yatapelekwa ngazi za juu, na huko anaweza kuteuliwa hata ambaye hakuongoza, lakini mwenye kura tisa hana cha kungoja.

Usiku simu zote za nchi zilikuwa na neno moja, wajumbe si watu. Binamu alilisoma kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp. Mjomba akamkatiza. "Wajumbe ni watu. Mimi ndiye niliyewajua kwa siku tano."

Jumanne, 21 Julai. Kurudi

(Mstari huu nimeuongeza baadaye. Oktoba mwaka ule ule Jerry Silaa, aliyekuwa Meya wa Ilala kuanzia 2010 hadi 2015, aliingia bungeni kwa jimbo la Ukonga, lile lile lililomkataa 2015. Mwaka 2023 akawa Waziri wa Ardhi. Ukonga iko ndani ya Ilala. Wapiga kura wake walikuwa wanapita juu ya barabara ambazo baraza lake lilizijadili. Nikimfikiria mjomba huwa nafikiria umbali ule, kilomita zile zote kati ya mtaro wake na kura zake.)

Tulitegemea kurudi moja kwa moja Dodoma. Njia panda, mjomba akasema kata kushoto. Tukaenda kijijini. Binamu alinung'unika kuhusu mafuta, akanyamaza alipoona uso wa baba yake.

Yule mama wa ndoo alikuwa shambani, wakamwita. Jumuiya ilikuwa imekaa Jumapili. Walikuwa na daftari la shule, kurasa mbili, mwandiko wa mtoto wa darasa la sita, majina arobaini na mbili, wengine wameweka dole gumba. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshagonga muhuri. Mjomba alisoma lote akiwa amesimama, akauliza salio, wakasema laki moja na elfu sitini na tano, wameongeza. Hakuna aliyemwuliza kura. Nadhani habari ilikuwa imeshafika.

Daftari hilo ninalo hapa dukani, nimefika saa moja usiku na sikwenda hata nyumbani. Ninaandika barua yao. Mjomba amekaa kwenye stuli karibu na mashine ya kopi, koti limemjaa vumbi, basi lake linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Nilipofika kwenye YAH nikamwuliza tuandike nini. Akasema: kuharibika kwa kisima cha kijiji tangu Machi 2020. Nikamwuliza kama niweke jina lake mahali, hata kwenye nakala. Akasema weka nakala kwa mtendaji wa kata, inatosha.

Nimetoa kopi nne. Akaingiza mkono mfukoni akaniuliza kopi moja ni shilingi ngapi, nikamwambia mia, mjomba, lakini wewe hulipi. Amelipa mia nne.